Uzito wa Mechi Nne

Kila Septemba, kabla kambi kubwa za mazoezi za NHL hazijafunguliwa, klabu za ligi hiyo ya hoki ya barafuni hukusanya vijana wao na kuwapeleka kupambana na vijana wa klabu nyingine. Mashindano yaliyojijengea jina ni yale ambayo Detroit Red Wings walianza kuyaandaa mwaka 1998 katika mji mdogo wa Traverse City, kaskazini mwa Michigan. Yapo mengine Buffalo, mengine yamewahi kufanyika Penticton huko British Columbia, na klabu za magharibi mwa Marekani nazo zina yao. Kwa miaka mingi Traverse City ilipokea timu 8 katika makundi mawili: mechi 3 za kundi, kisha moja ya kupanga nafasi. Mechi 4 ndani ya siku 5, basi. Barafu haijakauka miguuni, wachambuzi wameshatoa orodha: nani kapanda, nani kashuka, nani yuko tayari kuvaa jezi ya wakubwa Oktoba. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba orodha hizo zinajibu swali ambalo mashindano hayakuulizwa. Mechi 4 haziwezi kuwapanga wachezaji kwa ubora. Zinachoweza ni kujibu maswali machache ambayo mtathmini alikuja nayo kutoka nyumbani, na uzito wa kila jibu hutegemea umri wa mchezaji zaidi kuliko mabao aliyofunga.

Tuanze na mabao, kwa kuwa ndiyo yanayovuma. Katika NHL mshambuliaji wa kawaida hufunga takriban shuti 1 katika kila mashuti 10 yanayolenga goli. Tumpe kijana wetu kiwango hichohicho, na tumruhusu mashuti 3 kwa mechi, yaani 12 kwa mashindano mazima. Hesabu ya uwezekano inasema ana asilimia 28 ya kuondoka bila bao hata moja, na asilimia 11 ya kuondoka na mabao 3 au zaidi. Ni mchezaji yuleyule, miguu ileile, gongo lilelile. Sasa zidisha. Timu 8 zenye washambuliaji 12 kila moja ni vijana 96. Hata kama wote 96 wangekuwa na uwezo sawa kabisa, kumi hivi wangemaliza na mabao 3 au zaidi, na hao kumi ndio ambao majina yao yangetajwa wiki nzima. Wengine ishirini na saba hivi wangeondoka mikono mitupu na kuandikwa kuwa wamewavunja watu moyo. Usidhani mpigaji hodari ananusurika. Mwenye uwezo wa kufunga asilimia 15 ya mashuti yake, kiwango ambacho hata kwenye NHL ni wachache wanaodumu nacho, bado ana nafasi 1 kati ya 7 ya kutofunga chochote katika mashuti 12. Kwa ushahidi huo peke yake huwezi kumtenga na yule wa kawaida, na anayedai kuwa anaweza anapiga ramli.

Kwa makipa hali ni mbaya zaidi. Klabu huwagawia mechi, kila mmoja akapata mbili hivi, na kwa mashuti 30 kila mechi hiyo ni jumla ya mashuti 60. Kipa anayezuia asilimia 92 na kipa anayezuia asilimia 90 wanatofautiana sana katika msimu mzima wa NHL. Ni tofauti ya kubaki na kazi na kuikosa. Katika mashuti 60 tofauti hiyo ni bao 1 na ushei. Kisahani, ambacho katika hoki ya barafuni huchukua nafasi ya mpira, kikigonga mguu wa beki na kuingia wavuni, imefutika. Isitoshe, makipa huchelewa kuiva. Tim Thomas aliteuliwa wa 217 mwaka 1994, katika uteuzi wa kila mwaka ambapo klabu huchagua vijana kwa zamu, akaja kuwa kipa wa kudumu katika NHL akiwa amevuka miaka 30, na mwaka 2011, akiwa na miaka 37, alitwaa Kombe la Stanley na Boston pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Sioni faida ya kuandika zaidi ya mistari miwili kuhusu kipa yeyote baada ya mashindano ya Septemba.

Kuna kisa kinachoonyesha vizuri jinsi bao linavyoweza kuwa kubwa machoni na dogo kwenye mizani. Septemba 2023 Connor Bedard, aliyekuwa ameteuliwa wa kwanza na Chicago miezi michache kabla, alicheza mechi ya chipukizi huko Minnesota dhidi ya vijana wa St. Louis akafunga mabao 3. Picha zilizunguka dunia nzima ya hoki. Lakini mabao hayo yalimfundisha nani kitu gani? Msimu uliotangulia Bedard alikuwa amefunga mabao 71 na kukusanya pointi 143 katika mechi 57 akiwa na Regina, kwenye ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada. Aliyekuwa na faili hilo mezani hakuhitaji jioni moja ya Minnesota, na kama Bedard angetoka patupu jioni hiyo, faili lisingepungua uzito. Msimu wake wa kwanza wa NHL ulimpa pointi 61 katika mechi 68 na tuzo ya Calder ya mchezaji mgeni bora, jambo ambalo mechi zile 57 zilikuwa zimelibashiri na mechi ile moja haikuongeza neno. Hii ndiyo kanuni ninayoitetea: ushahidi mpya mdogo ukikutana na ushahidi wa zamani mkubwa, haki ya mdogo ni kusogeza maoni kidogo tu, na mara nyingi kutoyasogeza kabisa.

Mambo hubadilika tunapoingiza umri. Uwanja mmoja wa Septemba hukusanya kijana wa miaka 18 aliyeteuliwa Juni, ambaye bado mwili wake unajengeka, na mwanamume wa miaka 22 ambaye ameshamaliza misimu miwili ya AHL, ligi iliyo daraja moja chini ya NHL, akigongana kila wiki na watu wazima. Kuwapima kwa kipimo kimoja ni kutomtendea haki yeyote kati yao. Wa miaka 22 akitawala, hajasema kitu, maana hicho ndicho kinachotarajiwa kwa mtu mwenye misuli na uzoefu wa kuwazidi wenzake. Akishindwa kutawala, hapo amesema kitu kikubwa: kama hawezi kuwashinda vijana waliotoka shule juzi, atawashindaje mabeki wa NHL mwezi ujao? Kwa wa miaka 18 mizani inapinduka. Akizidiwa, hajasema kitu. Akiwatawala waliomzidi miaka minne, tega sikio. Orodha za kupanda na kushuka hukosea hasa hapa. Humsifu mkubwa kwa kufanya alichopaswa kufanya, na humshusha mdogo kwa kosa la kuzaliwa juzi.

Suala la kuzaliwa linaenda ndani zaidi ya mwaka. Ili kuteuliwa, mchezaji lazima awe ametimiza miaka 18 kufikia tarehe 15 Septemba. Auston Matthews alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997. Kwa siku mbili tu aliukosa uteuzi wa 2015 na akasubiri hadi 2016, alipochukuliwa wa kwanza na Toronto. Wavulana wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza, basi, kuitwa vizazi viwili na kupewa matarajio mawili. Na hata ndani ya kizazi kimoja, aliyezaliwa mapema hubebwa na mfumo. Utafiti wa Robert Deaner, Aaron Lowen na Stephen Cobley uliochapishwa mwaka 2013 uliangalia Wakanada walioteuliwa kati ya 1980 na 2007, ukakuta kwamba waliozaliwa katika nusu ya pili ya mwaka waliteuliwa zaidi ya nafasi 40 nyuma ya pale ambapo kazi yao ya baadaye ilistahili. Walikuwa pia na uwezekano wa karibu mara mbili wa kufikia vigezo kama mechi 400 au pointi 200, wakilinganishwa na waliozaliwa Januari hadi Machi. Hawa ni maskauti wa kulipwa waliowatazama vijana hao kwa miaka, si kwa siku 5. Kama jicho lao lilidanganywa na tofauti ya miezi katika mamia ya mechi, sioni kwa nini lisidanganywe na tofauti ya miaka katika mechi 4.

Nini basi kinafaa kutazamwa? Jibu langu ni matendo yanayorudiwa mara nyingi ndani ya mechi moja, na ambayo hayategemei udhaifu wa mpinzani ili yafanikiwe. Bao huja mara moja au haliji. Beki, kwa upande mwingine, hurudi kuokota kisahani kwenye kona yake pengine mara kumi au kumi na tano kwa mechi, mgongo ukiwa kwa wapinzani na mtu akimjia kwa kasi. Je, ametupa jicho begani kabla hajafika? Anajua tayari pasi inakwenda wapi, au anaanza kutafuta akiwa ameshagongwa ukutani? Ndani ya mechi 4 unaweza kukusanya matukio hamsini ya aina hiyo, na hamsini ni idadi ambayo mtu anaweza kuanza kuzungumza nayo. Kwa washambuliaji kuna namna wanavyovuka mstari wa buluu kuingia eneo la wapinzani. Eric Tulsky, mkemia aliyegeukia takwimu za hoki na ambaye mwaka 2024 alifanywa meneja mkuu wa Carolina Hurricanes, alionyesha pamoja na wenzake kwamba kuingia huku umeshika kisahani huzaa mashuti zaidi ya maradufu ukilinganisha na kukitupa mbele na kukikimbilia. Kijana anayeingia na kisahani mara kwa mara, akiangalia juu, akingoja mwenzake amfikie badala ya kupiga shuti la papara, ameonyesha tabia itakayokuwa na thamani juu pia, hata kama mashuti ya wenzake yaligonga mwamba na yeye akarudi nyumbani bila pointi.

Sharti la pili, la kutotegemea udhaifu wa mpinzani, ndilo gumu. Kuna ustadi unaong'aa kwa vijana kwa sababu mabeki wa vijana huacha nafasi: kumzunguka beki kwa nje kwa mbio tupu, kupiga chenga tatu katikati ya uwanja, kungojea kipa alale. Nail Yakupov alikuwa na vyote hivyo. Edmonton ilimteua wa kwanza mwaka 2012 baada ya mabao yake akiwa na klabu ya vijana ya Sarnia, na hakuna aliyeona ajabu. Alimaliza safari yake ya NHL na mechi 350 na mabao 62, kisha akarudi Urusi. Kasi na mikono havikumtoka. Kilichopungua ni nafasi za kuvitumia, maana juu hakuna anayekuachia njia ya nje. Ndiyo maana bao la kuvutia zaidi la mashindano huwa mara nyingi ndilo lenye ushahidi mdogo zaidi. Mtathmini ajiulize beki wa miaka 28 angekuwa amesimama wapi wakati ule, na kama jibu ni kwamba angekuwa amesimama palepale kijana alipopita, bao hilo lihesabiwe kama burudani.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa skauti mkongwe, na si la kupuuzwa. Atasema hesabu ni za watu wasiojua kutazama. Jicho lililozoea huona kwa dakika kumi kile ambacho takwimu zitakiona baada ya msimu. Kwa sehemu ana haki, na matendo niliyoyataja hapo juu yote yanahitaji jicho la aina hiyo. Lakini jicho halifiki uwanjani likiwa tupu. Linakuja na nafasi ya uteuzi ya mchezaji, urefu wake, na maoni yaliyokwisha kusemwa mbele ya bosi. Aliyempigania kijana Juni atamwona aking'aa Septemba. Dawa ninayoiona ni ya kuchosha lakini ni rahisi: kabla ya mechi ya kwanza kila mtathmini aandike, kwa kila mchezaji, anachokiamini, kipi kingembadilisha mawazo, na kwa kiasi gani. Karatasi hiyo ifungwe hadi mashindano yaishe. Anayekataa kuiandika anataka kubaki na uhuru wa kusema baadaye kwamba alijua tangu mwanzo.

Jicho pia hukosea linapodhani kwamba linachokiona ni cha kudumu. Brayden Point aliteuliwa wa 79 mwaka 2014 akiwa mdogo wa umbo na mwenye utelezaji uliotiliwa shaka. Tampa Bay ilikuwa na Barb Underhill, bingwa wa dunia wa mwaka 1984 wa kuteleza kwa jozi aliyekuwa amegeuka mwalimu wa utelezaji, na Point alifanya naye kazi hadi udhaifu ukawa silaha. Alifunga mabao 14 katika mtoano wa 2020 na mengine 14 katika ule wa 2021, na Tampa ikabeba kombe miaka yote miwili. Mtazamaji aliyeandika kuwa kijana huyu si mwepesi huenda alikuwa sahihi siku aliyoandika. Alichokosa ni kuuliza kama kasoro hiyo inafundishika. Kuteleza hufundishika kwa kiasi, nguvu huja na umri na chakula na mazoezi, lakini wepesi wa kusoma mchezo ni vigumu kuuongeza baada ya miaka 20. Kwa hiyo kasoro mbili zilizoandikwa kwenye ukurasa mmoja si sawa kwa uzito, na tathmini isiyosema ipi inatibika haijamaliza kazi.

Pingamizi la pili ni la wanaopenda neno presha. Mashindano haya, wanasema, humweka kijana mbele ya mabosi wake, na hapo ndipo moyo wake unapoonekana. Nakiri presha ipo. Msomaji anayefuatilia Kombe la Mapinduzi la soka kule Zanzibar anaijua: timu kubwa ikimwingiza chipukizi kwa dakika ishirini, jukwaa limeshamhukumu kabla ya filimbi ya mwisho. Ila presha ya Septemba ni ya aina yake. Wachezaji wamekutana juzi, mfumo wamefundishwa kwa siku mbili, kila mmoja anacheza kwa ajili ya mkataba wake, na baadhi ya walio bora hawapo kabisa, kwa kuwa wanafunzi wanaochezea vyuo vikuu vya Marekani kwa kawaida hawaji na wengi walio Ulaya wameshaanza msimu wao. Kijana anayepigana ngumi jioni ya kwanza ili aonekane anaonyesha kwamba anaelewa soko, na hilo ni jambo tofauti na moyo wa mtoano wa Mei. Ningetamani kuona zaidi anavyofanya katika zamu inayofuata baada ya kosa lililoleta bao: kama anaomba kisahani tena au anajificha ukutani. Hata hapo, zamu hizo ni mbili au tatu tu.

Yupo pia atakayeuliza kwa nini klabu zinazojua haya yote ziendelee kulipa ndege na hoteli. Jibu ni kwamba hazilipii orodha. Zinataka vijana wafike kambini miguu ikiwa imepata moto, makocha wa AHL wapate siku kadhaa za kufundisha mfumo, na madaktari wamwone kijana aliyefanyiwa upasuaji akigongwa kwa mara ya kwanza. Kuna pia maamuzi ya kweli ya kufanywa, lakini hayafanani, na nadhani mjadala mwingi ungepoa kama watu wangetaja ni uamuzi gani wanaouzungumzia. Kwa miaka mingi makubaliano kati ya NHL na ligi kubwa za vijana za Kanada yalimzuia kijana wa miaka 18 au 19 kutoka ligi hizo kupelekwa AHL, hivyo klabu ilibaki na njia mbili, kumweka NHL au kumrudisha kwa vijana wenzake. Kumweka juu kijana asiyeiva kunaweza kumgharimu mwaka wa kukua, na akifikisha mechi 10 za NHL mwaka wa kwanza wa mkataba wake unaanza kuhesabika. Uamuzi mzito namna hiyo haupaswi kusukumwa na mechi 4. Unangoja kambi, mechi za maandalizi dhidi ya wanaume, na zile mechi 9 za kwanza ambazo kanuni yenyewe imeziacha wazi.

Kwa walioalikwa bila mkataba hesabu ni nyingine kabisa. Kila timu huja na vijana kadhaa ambao hakuna klabu iliyowateua, na kwao kinachotafutwa ni mkataba wa AHL au mwaliko wa kambi kubwa. Faili lao ni jembamba, kwa hiyo mechi 4 ni sehemu kubwa ya yote yanayojulikana juu yao, na klabu ikikosea imepoteza fedha kidogo na nafasi moja ya mazoezi. Ikipatia, faida haina dari: Jonathan Marchessault, mwenye urefu wa kama sentimita 175, hakuteuliwa na yeyote, na mwaka 2023 alikuwa mchezaji bora wa mtoano Vegas Golden Knights walipotwaa kombe lao la kwanza. Kwa kijana wa namna hii niko tayari kuambiwa kuwa najipinga, na kushauri kwamba beki asiye na jina aliyeokota visahani hamsini kwenye kona na kupoteza vitano tu apewe karatasi asaini kabla hajapanda basi la kurudi kwao. Aliyeteuliwa raundi ya kwanza na akaondoka bila bao, mpeni ratiba ya mazoezi na tarehe ya kuripoti kambini, na tathmini yake ibaki pale ilipokuwa Agosti.